Kipimo Chako cha Upepo, Baba

Shikamoo Baba.

Marahaba yako sitaisikia, najua, lakini siwezi kuanza na neno lingine. Ulinilea hivyo. Jumamosi hii ni arobaini yako. Mchele umeshachambuliwa, padri ameshaambiwa, na baba mdogo Agustino ameshaandika maneno atakayosema tukikusimikia msalaba. Ndiyo maana nimekaa hapa jikoni na hili daftari. Katika maneno yake liko moja ambalo si kweli, na tunaolijua ni wawili tu, mimi na Fundi Kombo.

Nikupe kwanza za nyumbani, maana wewe ulikuwa hugusi chakula kabla hujazisikia. Yule kuku wa madoadoa ameangua tisa. Bomba la uani limetengenezwa, halivuji tena. Redio yako hakuna anayeigusa. Ile Noah uliyokuwa ukiendesha waliivuta mpaka hapa Pongwe, imeegeshwa nyuma ya nyumba chini ya turubai, ila turubai halifiki chini, na mimi nikienda kuanika nguo nageuza uso nisiyaone matairi.

Mama anaisha, Baba. Anakula vijiko viwili anasema ameshiba. Misa ya kwanza, ambayo hakuwahi kuikosa hata kwa mvua, hajaenda tena tangu tukuzike.

Siku ya maziko baba mdogo alisoma wasifu wako. Akasema ulivyozaliwa Lushoto, ulivyoshuka na wazazi wako kuja kukata mkonge, ulivyojifunzia gari kwenye trekta la shamba. Yote kweli. Halafu akasoma kwamba ukiwa njiani kupeleka mzigo Ushongo, uchovu ulikuzidi, ukasinzia, gari likaacha njia. Watu wakaguna ule mguno wa huruma. Mama akajifunika khanga usoni. Asubuhi ile yeye ndiye aliyekuamsha saa kumi umpeleke kanisani, nawe ulikuwa umelala saa sita. Tangu hapo ana sentensi moja tu, anaiambia sufuria, anawaambia wanaokuja kumpa pole, anaiambia hata kuku: "Ningemwacha alale."

Nami nakaa kimya. Namsikia na nakaa kimya.

Hukusinzia, Baba.

Unakumbuka Krismasi? Nilikuwa nimetoka kushona sare za shule tangu Oktoba, mgongo umekatika, nikasema mwaka huu Baba hapewi shati. Nikaenda Ngamiani kwenye duka la vipuri nikaomba kipimo cha upepo wa matairi. Muuzaji akaniwekea viwili. Kimoja cha chuma, kirefu kama kalamu, kimepauka, sura yake kama msumari. Akasema hicho hakina sura lakini mafundi ndicho wanachokitaka. Cha pili kilikuwa cha duara, kina ganda la mpira mwekundu, na kioo, na mshale unaong'aa. Nikamcheka. Nikamwambia kizuri chajiuza. Nilitaka ukifungua boksi watu waone.

Na waliona. Ulikifungua hapa hapa mezani, ukakigeuza, ukavaa miwani. Mshale ulikuwa haujalala kwenye sifuri. Ulikuwa kwenye kumi, na hatujakigusisha tairi lolote. Wewe ndiye uliyeona. Ukasema, "Hiki kimeshiba kabla ya kula," na tukacheka wote, Mama akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikujua kitu. Wewe dereva wa miaka yote hiyo ulijua, sasa naamini ulijua, ukacheka ili mimi nicheke.

Tangu siku ile hukupeleka tena gari kwa Kombo kupimwa. Kila asubuhi unachuchumaa barabarani, unapima kwa madaha, ukiwaita waendesha bodaboda waje waone alichokununulia binti yako. Thelathini na mbili, unatangaza, kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani. Mimi nachungulia dirishani, najisikia mtu. Mungu wangu, nilivyojisikia mtu.

Halafu ile asubuhi. Umemrudisha Mama kutoka misa, mifuko ya saruji imeshapakiwa, Noah imeinama nyuma. Mimi nimesimama na kikombe chako cha chai. Ukalipiga teke tairi la nyuma kushoto kwa kisigino, kama ulivyozoea kabla hujawa na kipimo. Ukasimama. Ukalipiga tena. Ukasema mbona hili laini. Ukanitazama mimi, Baba. Hukulitazama tairi, ulinitazama mimi.

Nikakuambia, "Si umeshapima? Amini kipimo."

Ukachukua chai. Ukasema haya, mwenye kipimo kasema. Ukanywa nusu, ukanirudishia kikombe, ukaondoka. Kile kikombe nimekificha. Siwezi kukiosha pamoja na vingine.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Fundi Kombo. Kipimo hakikuwa akilini mwangu. Muuza madafu mmoja wa njia ya Pangani alikuja kutupa pole, akasema yeye alisikia kwanza mlio, paa, ndipo akaona gari linayumba, na wewe unapambana na usukani. Mtu aliyesinzia hapambani na usukani. Nikamwomba Kombo aje aitazame Noah. Mpemba yule, unamjua, hasemi mpaka aone. Akafunua turubai, akaingiza mkono ndani ya lile tairi lililopasuka, akautoa umejaa unga mweusi wa mpira. Akasema tairi hili limetembea na njaa ya upepo siku nyingi, likajikunja na kujisaga lenyewe, halafu likabebeshwa saruji kwenye jua kali.

Akatoa kipimo chake, kile cha kalamu, akapima tairi la mbele. Ishirini na mbili. Nikaenda chumbani nikaleta chako. Tairi lile lile, Baba. Thelathini na mbili.

Kumi ile ile tuliyoicheka.

Kombo alikaa juu ya ndoo akashika kichwa. Ndipo akaniambia kwamba Januari ulisimama kwake kuziba pancha, akakuomba apime na matairi mengine kwa kipimo chake, maana aliona gari limekaa vibaya. Ukamkatalia. Akanirudishia maneno yako kama ulivyoyasema: "Nikipima kwa chako, nitakuwa nimemwambia mwanangu zawadi yake mbovu. Acha tu."

Acha tu.

Kwa nini, Baba? Ungeniambia. Ningenuna siku mbili. Ningelia kidogo, ningekirudisha dukani, ningekuletea kile kibaya chenye sura ya msumari, na leo ungekuwa hapa unaulizia kuku. Umenificha aibu ndogo ukaniachia hii. Nakukasirikia, halafu naona haya kukukasirikia, halafu naanza upya. Kushona siwezi. Naingiza uzi kwenye sindano nasahau nilikuwa nataka kushona nini.

Kombo amenisihi ninyamaze. Anasema ni kadari ya Mungu, anasema wewe umeshakwenda na hutarudi kwa mimi kusema, anasema nikimwambia Mama nitazika wawili. Huenda ni kweli. Nimejaribu kunyamaza. Lakini jana nilimkuta Mama uani amepiga magoti mbele ya kuku, anamwomba radhi. Anakuomba radhi wewe, kwa kukuamsha. Nimemwachia mama yangu dhambi yangu aibebe, na anaibeba vizuri, hailalamikii, ndiyo inayomuua.

Basi. Kesho asubuhi, kabla watu hawajaanza kuingia, nitamkalisha hapa mezani. Nitaweka kipimo mbele yake, mshale ukiwa kwenye kumi kama ulivyo sasa hivi ninapoandika, nami nitamwambia nilichokuambia ukiwa umeshika chai. Sijui atanifanya nini. Mtoto hana mwingine ila mimi, na mimi ndiye niliyekuambia uamini kipimo. Akinifukuza nitaondoka. Akikaa kimya, nitakaa ndani ya ukimya wake. Sitamwomba anisamehe, maana atajilazimisha.

Kisha nitakwenda kwa baba mdogo afute lile neno kwenye karatasi yake. Akikataa, nitasimama mwenyewe kaburini nilifute kwa mdomo wangu, mbele ya wote waliokuja kuona kipimo changu. Hili nakuahidi. La furaha siwezi kukuahidi, halipo.

Kapumzike sasa, Baba. Siku ile ulikuwa macho.

Binti yako