Mchele wa Buterere

Mjukuu wangu Keza,

Huku Bujumbura tuko salama. Goti linanisumbua kidogo, na mama yako amemaliza kupaka nyumba rangi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unaomba nikutafutie pistoni, mtu wa kukusukuma upate kazi, kwa kuwa umesikia nilimjua mkubwa mmoja.

Ni kweli. Miaka ile ya vita nilikuwa nampikia kahawa mfanyabiashara wa mtaa wa Asiatique. Hakuwa na cheo chochote, lakini wenye vyeo waliingia kwake kwa mlango wa nyuma. Asubuhi moja akaniuliza, "Kwenu iko mutu anaweza kuongoza zahanati ya Buterere?" Nikamtaja kaka yangu. Wiki haikwisha, akawekwa.

Aliyeondolewa ni Mama Konsolata, mkunga aliyenizalisha nilipomzaa mama yako. Akanijia bila kujua kitu, amebeba mchele wa shambani kwake, maana mtu haendi kuomba mikono mitupu.

"Uniombee kwa patron, huyo tajiri wako," akasema. "Mi siko na mutu mwingine."

Nikamjibu, "Nitajaribu."

Kaka yangu alifanya kazi vizuri. Hayo ndiyo maneno niliyojitetea nayo miaka yote, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Patron bado yu hai, na namba yake ninayo. Kama bado unaitaka nitakupa. Ila ujue kwanza kwamba mchele ule niliupokea kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa, na Jumapili nikampikia kaka yangu.

Bibi yako