Daftari la Kinamasi

Chumba cha nyuma, kwa dada yako
Jumanne, asubuhi

Mpendwa mpwa wangu, Mama Vyura,

Daftari la kinamasi halikupotea. Ninalo hapa, chini ya godoro.

Nimeanza vibaya, hata hali sijakujulia. Hujambo? Watoto hawajambo? Mimi ni wa leo au kesho; nguo zimebaki zile zile, mwenye nguo ndiye aliyepungua. Dada yako hunilisha supu kwa kijiko huku akinigombeza: "Meza, Mjomba, hiyo si dawa!"

Unakumbuka kila Ijumaa nilivyolitoa darasa la tatu kwenda kinamasini, nyuma ya shule. Hatukuandika mnyama daftarini mpaka wawili wenu wamwone, yeye na mahali anapokaa. Mlifikisha wanyama arobaini na mmoja. Wa mwisho alikuwa wako: chura mdogo wa kijani, kwenye shina la tete, juu kidogo ya maji. Wenzako wakakutania, "Mama Vyura, huyo ni mwanao?" Ukawajibu, "Ndiyo, na nyinyi ni mbu. Atawameza."

Mliposikia kinamasi kitafukiwa, mlinikabidhi daftari nimpelekee afisa ardhi. Baadaye niliwaambia lilipotelea ofisini kwake. Hasira ya siku hiyo ndiyo iliyokusomesha elimu ya wanyama. Na kila barua yako hunieleza jinsi unavyowasimulia wanafunzi wako habari za mwalimu aliyepigania makazi ya viumbe. Nazikunja kabla sijazimaliza.

Pale sasa yanaegeshwa malori. Makazi ya wanyama yanafundishwa kwa kitabu. Juzi nilimuuliza mwana wa dada yako chura anakaa wapi. Akasema, "Ukurasa wa kumi na nne, Babu." Sikuwa na pa kumpeleka.

Nisalimie mumeo na wanao wote wawili. Mola awatunze kuliko nilivyotunza mimi. Usikate tiketi, hutanikuta, na ukinikuta hakuna kitakachofukuliwa. Daftari utatumiwa.

Afisa hakulipoteza. Hakuwahi kuliona. Alikuja na fomu yake, akakaa mbele ya meza yangu, akauliza, "Mwalimu, mle kinamasini kuna kiumbe chochote?" Wakati huo nilikuwa nangoja kupewa ualimu mkuu, na neno lake lilisikilizwa huko juu. Daftari lilikuwa kwenye droo, linanigusa goti.

Nikachukua kalamu, nikaandika kwa mkono wangu: "Hakuna."

Akupendaye, ingawa hukumjua,
Mjomba wako