Mbele Iko ya Watu Wawili

Mweso, siku ya ine, mangaribi

Na hasira haijaisha. Tulikuwa na mama mukwe mu taxi, tunatoka Lushebere kuja kupimisha mimba yangu, shofere akataka kuingiza papa mumoja pembeni yangu, ku kiti ileile ya mbele. Na mukanda iko moja.

Nilikuwa nimeisha kuifunga vile mama muzalishaji alinifundisha: chini ya tumbo, juu ya mapaja, ile ya juu ipite kati ya maziwa. Mama mukwe akasema kutoka nyuma, "Fungua, utanyonga mutoto." Ile barabara ninaiogopa sana, njo maana sikufungua.

"Mama, sogea," shofere akarudilia. "Mbele iko ya watu wawili."

Nikaweka mukono ku tumbo.

"Basi tumeisha kutimia. Endesha."