Sindano ya Kulwa

Jumanne jioni, nje ya wodi

Heri ningemwita pembeni tangu mwanzo. Badala yake nilibishana na mdogo wangu Masanja uwanjani, mbele ya majirani wote wa Mkuyuni, huku mwanawe Kulwa akikakamaa mikononi mwa mama yake.

Nilimwambia degedege ni malaria kali, hospitali wanaitibu.

"Mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa," akasema.

Nikaeleza tena, kwa sauti ya juu zaidi. Majirani wakamuunga mkono, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kukaza shingo. Mimi ni muuguzi, mwaka wa sita huu, lakini hakuna neno langu lililomwingia.

Nilipoishiwa maneno nikamshika mkono, tukaenda nyuma ya nyumba. Huko hakuna aliyetutazama. Akaanza kulia.

"Bado siamini, dada. Lakini mchukue. Akifa, ni wewe uliyemuua."

Nikambeba Kulwa mbio hadi hospitali. Bomba la sindano nililinunua njiani, maana siku hizi hospitali wagonjwa hujinunulia wenyewe. Wamemchoma kwinini. Degedege limekoma, ila hajafumbua macho.

Naogopa atakufa. Naogopa pia, Mungu anisamehe, kwamba akifa, akina mama wote wa mtaa watatufichia sisi wauguzi watoto wao.

Masanja amefika sasa hivi. Hajanisalimu. Amekaa mwisho wa benchi hili, ameshika viatu vya Kulwa.