Mchumba Wangu Nimemwacha Nje ya Kikosi

Kwako mshauri mpendwa,

Baada ya kukutakia afya njema, naomba msaada wako katika jambo ambalo nimelipima kwa kila upande na bado halijakaa sawa. Mimi ni mwenyekiti wa ligi ya katuni hapa Bagamoyo, ligi niliyoiasisi mwenyewe kwa kufuata mfano wa ile fantasi ya mpira wanayoicheza watu kwenye simu, isipokuwa sisi badala ya wachezaji tunapanga wachoraji: kila mwanachama huchagua watano kutoka majarida ya katuni ya kila wiki, mmoja humfanya nahodha, na mchoraji akitoka na kurasa zake hupata pointi, akipewa jalada hupata zaidi, na akichelewesha kazi hukatwa. Hakuna fedha ndani yake, ni heshima tu, na msimamo hubandikwa kila Ijumaa kwa Mtoro, kinyozi wetu.

Sasa, mshauri, mchumba wangu Shufaa ni mchoraji, ndiye mwenye hadithi ya muuza samaki wa Mbegani inayopendwa na wengi, nami nilikuwa naye kikosini tangu msimu uanze, lakini wiki ile wazee wangu walipokwenda kwao kupeleka posa, wakapokelewa vizuri mno hata wakakaa siku kadhaa, kurasa zake hazikumfikia mhariri, jarida likatoka bila yeye, na mimi nikiwa mwenyekiti sikuweza kupindisha kanuni kwa ajili ya mtu wa karibu, nikamkata pointi kama ambavyo ningemkata mwingine yeyote, na kwa kuwa kikosi changu kilikuwa kimeshuka, nikamtoa, nikamwingiza Adila wa Msata, nikampa unahodha.

Ijumaa hiyo, nami nikiwa pale pale, Shufaa alipita kwa kinyozi akitoka sokoni, akausoma msimamo. Mtoro, ambaye hana staha, akamwambia mbele za watu, "Shemeji, pole. Bwana harusi kakuuza kabla hajakuoa." Watu wakacheka. Shufaa hakucheka. Alinitazama akasema, "Kamwoe nahodha wako," akaenda zake.

Tangu hapo hapokei simu, na mjomba wake, Mzee Mwishehe, ametuma salamu kwamba mazungumzo ya mahari yasimame kwanza. Kwa kuwa naona ni wivu, nimemwandikia ujumbe mrefu kumthibitishia kwamba Adila simjui hata kwa sura, na nimeambatisha kanuni zote za ligi. Hakujibu. Je, nimrejeshe kikosini na kuivunja haki, au niisimamie haki na kumpoteza mwanamke ninayemtaka kwa dhati?

Wako katika unyenyekevu,
Mwenyekiti, Bagamoyo

*Bi Zuwena anajibu:*

Mwenyekiti, pole, maana naona unampenda. Lakini jibu umeliandika mwenyewe, ukalipita bila kulisalimia.

Rudi kwenye barua yako. Kurasa za Shufaa zilikwama wiki gani? Wiki ya wazee wako. Huko "kupokelewa vizuri mno" unadhani kulitoka wapi? Nani alikuna nazi, nani alikaanga sambusa, nani aliwahi chai ya alfajiri na kumwamkia kila mgeni shikamoo, huku meza yake ya kuchorea imejaa masinia? Alikosa jarida kwa ajili yako, nawe ukamkata pointi, kisha ukaibandika habari hiyo kwa kinyozi. Huo si wivu, baba. Adila hahusiki, mwache ajichoree zake.

Na ule ujumbe! Mwenzio ameumia, wewe unampelekea vifungu.

Usimrejeshe kikosini sasa. Atajua ni kubembelezwa, na Mtoro atapata la kusema. Wala usiandike tena, kwa maana ukishika kalamu huwezi kujizuia. Nenda kwao baada ya alasiri, ufuatane na shangazi yako mmojawapo aliyekula zile sambusa. Mwamkie Mzee Mwishehe, halafu umwambie Shufaa kwa mdomo wako: "Kazi yako ilisimama kwa sababu ya watu wangu, na mimi nikakuadhibu. Nisamehe." Ukomee hapo. Neno "kanuni" lisikutoke hata kwa bahati mbaya.

Kuanzia leo pointi za Shufaa azihesabu mwanachama mwingine, huwezi kuwa mwamuzi na mume kwa pamoja. Na mazungumzo ya mahari yakirudi, chakula cha wageni kitoke kwenu kikiwa kimeshapikwa, Shufaa abaki na kurasa zake.

Asipokujibu siku hiyo, usimsukume. Rudi nyumbani ukae kimya usubiri, kwa sababu safari hii anayepanga kikosi ni yeye.