Mume Wangu Chini ya Probox, Mimi Kwenye Kiti

...na ulisema kweli, Mpendwa Mshauri, kuhusu ile mikono yake. Uliniambia mwaka jana kwamba mikono yenye grisi si sababu ya kumkataa mwanamume, basi nikakubali, ng'ombe wakatolewa, tukafunga ndoa hapa Kehancha mwezi wa nne, na tangu siku hiyo mimi ni mtu wa kucheka peke yangu jikoni, kwa sababu Maroa wangu ndiye fundi wa magari mwenye sauti tamu kuliko wote, na akiwa chini ya gari huniita niketi kwenye kiti cha dereva ili tuongee, yeye chini, mimi juu, sakafu tu katikati yetu, ananiuliza nimeota nini nami namwambia, na wapita njia wanatucheka lakini sisi hatujali.

Sasa naomba unisaidie kuchagua zawadi. Mjomba wake, mzee Gisiri, mwenye duka la vipuri mjini Migori, hakufika harusini, na ametuambia tuchague kitu kimoja dukani kwake cha kuinulia magari. Kuna jeki kubwa yenye magurudumu, kuna stendi nne za chuma za kuegemeza gari likishainuliwa, na kuna fremu ya kulaza gari ubavu, yaani gari linainamishwa mpaka tumbo lake lote liko wazi na fundi anafanya kazi akiwa amesimama. Maroa anataka jeki, kwa kuwa yake imechoka, inashuka yenyewe polepole. Mimi nataka fremu, kwa sababu akifanya kazi amesimama nitamwona uso kutwa nzima. Stendi hakuna anayezitaka. Jirani yetu Byron, fundi pia, haingii chini ya gari mpaka aweke stendi hata kama ni kukaza nati moja, nasi tunamwita Bwana Stendi. Juzi Maroa alimpigia kelele, "Wee Byron, hiyo gari utaitandikia kitanda pia?" nikacheka mpaka machozi.

Kitu kingine kidogo. Alhamisi tulikuwa na Probox ya mteja, yeye chini, mimi kwenye kiti, mkono wake umetokeza nje unangoja, nikajinyoosha dirishani kumpa kipande cha muhogo wa moto, jeki ikateleza, gari likashuka kwa kishindo na kukalia tairi la spea alilokuwa ameliacha tu hapo chini. Nikapiga yowe. Maroa akatambaa nje akijipangusa vumbi, akasema, "Bhoke, hata gari limetaka kunikumbatia, utaona wivu?" nikampenda upya.

Je, nichague fremu ama jeki?

Bhoke, Kehancha

*

Bhoke,

Fremu ama jeki! Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ulipoandika kwamba unatania. Sikupaona.

Hongera kwa ndoa, nasema kwa moyo wote. Sasa tuongee. Unaita "kitu kingine kidogo" siku ambayo mume wako aliokolewa na tairi alilosahau kulipanga. Angekuwa fundi nadhifu, leo ungekuwa umevaa nguo nyeusi. Na nani alilitikisa gari? Wewe, mama, na muhogo wako. Unamlisha mumeo huku umemning'inizia tani nzima juu ya kifua, halafu unaniandikia habari za sauti tamu.

Unataka fremu ili umwone uso. Mpige picha. Fremu ile ni ya mtu anayechomelea bati lililoliwa na kutu na kupaka rangi chini ya gari, na kabla ya kulilaza sharti atoe betri na kumwaga mafuta yote. Maroa atamwaga mafuta ya mteja ili abadilishe bushi moja, kijipira tu cha mguuni mwa gari? Mteja atakuwa ameshahudumiwa kwa Byron nyinyi mkiwa bado mnatafuta ndoo.

Na jeki, hata mpya inayong'aa, kazi yake ni kupandisha gari. Kulishikilia si kazi yake. Maroa anajua hilo tangu wiki ya kwanza ya ufundi. Anaogopa kuchekwa tu, na anayecheka kwa sauti kubwa kuliko wote ni wewe.

Mwambie mzee Gisiri mnachukua stendi nne, na umwambie leo. Ziwekwe mahali pagumu palipo sawa, na kama ni udongo, bamba pana la chuma litangulie chini. Magurudumu yanayobaki ardhini yazuiwe mbele na nyuma. Stendi zikae chini ya chasisi imara ya gari, si chini ya bati, kisha Maroa alisukume gari kwa nguvu zake zote kabla hajaingia. Kama ni la kuanguka, lianguke yeye akiwa nje. Ile jeki inayoshuka yenyewe iende kwa chuma chakavu, na mpaka mpate nyingine mtaazima ya Byron. Ndiyo, huyo huyo Bwana Stendi, anayerudi nyumbani kila jioni na mbavu zake zote. Nendeni wawili, mkaombe msamaha kwanza.

Nawe ushuke kwenye kile kiti. Tafuta kigoda, ukae hatua tano kando. Ndoto zako atazisikia kutoka hapo.

Gari langu linagonga mbele kulia. Nitalileta Kehancha bila kukupigia simu. Nikikuta stendi, Maroa atapata kazi nami nitaketi nile muhogo. Nikikuta miguu yake imechomoza chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, nitapita moja kwa moja hadi kwa Byron. Andaa kigoda cha pili, Bhoke. Kabla mwezi huu haujaisha, nitakuwa nimefika.