Mkaa Usio na Moshi

Mama,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia kwamba kipara cha mwanao kimevuka utosi, sasa kinateremkia kisogoni. Mkwe wako anasema mvua ya Rungwe imepata uwanja wa kuchezea.

Shamba la pamoja limelimwa, nami ni mvivu wa jembe vilevile. Nakuzungusha tu, Mama. Unanijua, nikiwa na jambo zito huanza na porojo.

Tulipohamia kijiji hiki cha ujamaa kutoka Nkunga, niliicheka nyumba yako ya mianzi, moshi ukitoka kila upande. Yangu ya tofali niliiziba kila tundu, mpaka chini ya bati, baridi isimguse Tusajigwe wangu wa miezi mitatu. Ukatazama, ukasema, "Mwanangu, nyumba nayo hupumua." Nikakuambia hayo ni ya kizamani.

Mtoto akafa mchana, usingizini, bila homa, bila kikohozi. Watu wakanong'ona kwamba umemla mjukuu kwa uchawi, maana wewe ndiye uliyemlaza. Ukakunja mkeka wako ukaenda kwa kaka yako kule Mpuguso, ukafia huko. Hata kukusindikiza, Mama, sikukusindikiza.

Juzi mganga wa zahanati alituonya tusiwashe mkaa kwenye chumba kilichofungwa: hewa yake haionekani, hainuki, na mtoto hulala asiamke. Nikamngoja mpaka watu walipotawanyika. Nilipomweleza habari yetu alisema hawezi kuapa kwamba ndiyo iliyomuua mtoto. Wengine hufa na sababu isijulikane. Nilitamani kuishika kauli hiyo. Imekataa kushikika.

Jumapili nitasimama kwenye mkutano wa kijiji, nianze na jina lako, niseme kama ninavyokuandikia. Najua haitamrudisha yeyote.

Ilikuwa hivi. Mvua ilinyesha. Ulimlaza mjukuu wako, ukaenda kukata ndizi. Mimi nikaingiza lile jiko la mkaa nililonunua sokoni Bulyaga; mkaa ulikuwa umekolea, hauna moshi, nikaona ndiyo maendeleo. Nikalisogeza karibu na kitanda, nikafunga dirisha, nikafunga mlango, nikaenda kupiga soga kwa jirani. Niliporudi alikuwa amekwisha kupoa. Kabla sijaita mtu, nililitoa jiko nje, nikalificha nyuma ya nyumba. Ndipo nikapiga ukelele. Walipokutazama wewe, nilijua jiko liko wapi, nikanyamaza.

Ndaga, asante na pole, Mama. Lala na mjukuu wako.

Mwanao